Kiunganishi Chepesi cha Trela la Gurudumu la Tano: Uzito Unaopungua Unakwenda Wapi?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Mimi na mume wangu tumestaafu, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukisafiri na trela la gurudumu la tano, yaani lile ambalo pua yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kuegemea hapo kwa kingipini, ile pini nene ya chuma iliyo chini ya pua, badala ya kufungwa nyuma ya bampa. Tunalipenda kwa utulivu wake barabarani na hatuna nia ya kuliacha. Kinachotusumbua ni kiunganishi. Chetu ni cha feleji, kina sahani pana na taya za kukamata kingipini, na uzito wake ni kilo 95. Hugawanyika vipande viwili, lakini hata kipande kimoja kimekuwa mzigo mkubwa kwetu. Bodi ya pikapu tunaihitaji kwa kazi nyingine kila tunaporudi nyumbani, kwa hiyo hakuna safari ambayo hatukifungi na kukifungua. Sasa daktari amenikataza kunyanyua vitu vizito kwa sababu ya uti wa mgongo, na mume wangu hawezi kukibeba peke yake.

Nimesoma kwamba vipo viunganishi vya alumini ambavyo mtu mmoja hubeba kwa mkono. Mume wangu hataki kusikia habari hiyo. Anasema alumini ni laini na kwamba hatafunga nyumba yetu kwenye kitu kinachoweza kupinda. Rafiki yake naye anatushauri tuachane na viunganishi kabisa, tununue nguzo ya chuma inayofungwa kwenye kingipini na kushuka hadi kwenye tufe la kuvutia lililo sakafuni mwa bodi, ili tukifika nyumbani bodi iwe tupu bila kubeba chochote.

Haya ndiyo maelezo ya vyombo vyetu. Trela likiwa tupu lina kilo 3,900, na uzito wa juu linaoruhusiwa ni kilo 5,000, ambao huwa tunaukaribia. Kijitabu chake kinasema kingipini hukandamiza kwa kilo 750. Upana wake ni mita 2.44. Pikapu yetu ina bodi fupi ya mita 1.98, na lebo iliyo mlangoni inasema watu na mizigo wasizidi kilo 1,300. Sisi wawili tuna kilo 150, na vifaa tunavyoweka kwenye gari ni kama kilo 80. Sakafuni mwa bodi kiwanda kiliacha tundu la tufe katikati na matundu manne pembeni, ambayo ndiyo yanayoshika kiunganishi tulicho nacho. Kutoka tundu la katikati hadi ukuta wa nyuma wa kebini ni mita 1.15.

Je, alumini inafaa? Je, ushauri wa yule rafiki una neno? Na je, kiunganishi chepesi kitatusaidia kwenye kona kali, ambapo pembe ya trela imewahi kukaribia sana kioo cha nyuma cha pikapu?

Wenu,
Msafiri Mstaafu

JIBU

Mama, shikamoo, na umfikishie Baba salamu zangu. Umeniandikia kwa vipimo, jambo ambalo limenirahisishia kazi, kwa sababu swali la kiunganishi chepesi haliwezi kujibiwa kwa maneno matupu. Nitaanza na hesabu ambayo hukuuliza, kwani ndiyo inayobeba mengine yote.

Kilo 750 mlizosoma kwenye kijitabu ni za trela tupu. Ukizigawa kwa kilo 3,900 utaona kwamba ni kama asilimia 19 ya uzito wa trela. Matrela ya gurudumu la tano kwa kawaida hutua kwenye pikapu kwa asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake, na mengi huzunguka asilimia 20, ilhali trela la kawaida linalofungwa nyuma ya bampa huhitaji asilimia 10 hadi 15 tu. Trela lenu likishajazwa maji, chakula, nguo na mitungi ya gesi hadi kukaribia kilo 5,000, kingipini haibaki na kilo 750 tena. Kwa asilimia 20 ni kilo 1,000. Ongeza ninyi wawili, kilo 150, ongeza vifaa, kilo 80, kisha ongeza kiunganishi chenyewe, kilo 95, kwa sababu nacho ni mzigo kama mizigo mingine. Jumla ni kilo 1,325, nayo imepita kikomo cha lebo ya mlangoni kwa kilo 25. Nasema hili kwa upole lakini kwa msisitizo: inawezekana kabisa kwamba mmekuwa mkisafiri na pikapu iliyozidiwa bila kujua, na wala si kosa lenu, maana kijitabu kilitaja namba ya trela ambalo hakuna mtu anayelisafirisha likiwa hivyo.

Sasa weka kiunganishi cha alumini mahali pa kile cha feleji. Kinachojulikana zaidi katika kundi hili ni kile cha kampuni ya Andersen ya Marekani, chenye umbo la piramidi, tufe dogo kileleni, na uzito wa takriban kilo 16. Jumla inashuka hadi kilo 1,246, na mnabakiwa na nafasi ya kilo 54. Kwa hiyo wepesi unaoutafuta kwa ajili ya mgongo unaisaidia pia pikapu. Hata hivyo nafasi hiyo ni nyembamba. Kama mzigo wa trela umepangwa kuelekea mbele na kingipini ikabeba asilimia 22, yaani kilo 1,100, hata kiunganishi cha kilo 16 hakitawaokoa, kwa kuwa jumla itafika kilo 1,346. Ndiyo maana nawaomba mwende kwenye mizani ya magari kabla ya kwenda dukani.

Namna ya kupima ni rahisi. Pimeni kwanza pikapu peke yake, ninyi wawili mkiwa ndani, tangi likiwa limejaa mafuta, kiunganishi na vifaa vyote vikiwa mahali pake. Kisha fungeni trela likiwa limepakiwa kama kwa safari ndefu, mrudi mizanini, na msimame kwa namna ambayo magurudumu ya pikapu tu ndiyo yanayokanyaga mizani huku ya trela yakibaki nje. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito halisi wa kingipini. Mizani ikiweza kutoa uzito wa kila ekseli, chukueni na huo, kwa maana karibu mzigo wote wa kingipini hutua kwenye ekseli ya nyuma, na ekseli hiyo ina kikomo chake, na tairi zake zina kikomo chao, ambavyo vinaweza kufikiwa kabla ya kikomo cha gari zima. Angalieni pia maneno yenyewe ya lebo yenu. Lebo inayosema uzito wa watu na mizigo humhesabu dereva miongoni mwa watu hao, lakini katika nchi za Umoja wa Ulaya uzito wa gari lililo tayari kwa safari huwa tayari una dereva wa kilo 75 ndani yake, na mtu akichanganya taratibu hizo mbili hesabu yake yote huharibika.

Mkikuta kingipini ni nzito mno, hamisheni vitu vizito kutoka kwenye stoo ya mbele ya trela na kuvipeleka karibu na ekseli zake. Msivipeleke nyuma kabisa, na msikubali kingipini ishuke chini ya asilimia 15, kwa sababu trela lenye pua nyepesi huanza kuyumba, na kuyumba kwa tani tano kwenye mteremko si jambo la kujaribia.

Nije kwenye hofu ya Baba. Haikutoka hewani. Alumini haina ugumu wa feleji: ukichukua vipande viwili vya umbo na unene mmoja, cha alumini kitanyumbuka karibu mara tatu zaidi chini ya mzigo uleule. Uzito wake nao ni kama theluthi moja tu, kwani sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7 na ya feleji ina gramu 7.85. Mbunifu anayejua kazi yake huutumia wepesi huo kuongeza unene na kupanua umbo, mpaka ule upungufu wa ugumu ufidiwe. Ama nguvu ya kuhimili mzigo bila kupinda moja kwa moja, hapo alumini ya sufuria na alumini ya uhandisi ni mbali mbali kabisa. Aloi ya 6061, yaani alumini iliyochanganywa na metali nyingine, iliyotiwa ugumu kwa joto katika daraja la T6 huanza kupinda kabisa kwenye mkazo wa megapaskali 276 hivi, wakati feleji ya kawaida ya ujenzi huhesabiwa megapaskali 250. Kile cha Andersen nilichokitaja kimewekewa na kiwanda kikomo cha trela la kilo 10,886 na mkandamizo wa kilo 2,041. Trela lenu halifiki nusu ya kikomo hicho.

Lakini alumini ina masharti yake, na ningependa Baba ayajue kwa sababu ndiyo yanayostahili hofu yake kuliko suala la kupinda. Feleji ikitumiwa chini ya kiwango fulani cha mkazo huweza kutikiswa karibu bila mwisho pasipo kuchoka, ilhali alumini haina kiwango hicho kilicho wazi. Kila mtikisiko huhesabika, na baada ya miaka mingi ufa unaweza kuanzia kwenye kona au kwenye kiungo kilichochomelewa. Dawa yake ni kuisafisha fremu na kuikagua kwa macho na kwa tochi kila mwanzo wa msimu wa safari, hasa kwenye viungo. Ukionekana ufa, fremu hiyo hairudi kazini, na kamwe asipewe fundi wa kuchomelea aizibe, kwa sababu joto la kuchomelea huondoa sehemu kubwa ya ule ugumu uliotiwa kiwandani, na mahali palipozibwa huwa dhaifu kuliko palivyokuwa, ingawa panaonekana pazuri. Tena alumini ikigusana na feleji penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mkisafiri pwani au kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa barafu, osheni kiunganishi kwa maji safi na mpake grisi kwenye bolti.

Sasa ushauri wa rafiki yenu, ambao mimi siuungi mkono kwa trela lenu. Nataka nieleze sababu kwa kirefu, kwa kuwa nguzo hiyo huuzwa kwa maneno ya kuvutia na kwa kweli inatoa kile inachoahidi, yaani bodi tupu. Tatizo ni mahali ambapo mzigo unahamia. Kingipini na sanduku la chuma linaloishika vimeundwa kusukumwa na kuvutwa pale pale kingipini ilipo. Mnapofunga breki, au gurudumu la pikapu linapoangukia shimoni, trela husukuma kwa nguvu, na sehemu ya kugusana na pikapu hupokea msukumo huo. Ukiishusha sehemu hiyo hadi sakafuni mwa bodi kwa nguzo, msukumo ni uleule lakini wenzo umerefuka, na nguvu ya kupindisha inayoufikia mwili wa trela huongezeka kwa kadiri ya urefu huo. Wenzo ukiwa mrefu mara mbili, nguvu ya kupindisha nayo huwa mara mbili. Ni kama mtu anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo mrefu: mikono ni ileile, ila kisiki kinasalimu amri. Kisiki katika habari hii ni chasisi ya trela lenu, pale mbele ambapo mabomba ya chuma yamechomelewa, sehemu ambayo imefunikwa kwa mbao na mapambo na ambayo mtu hawezi kuiona ikianza kupasuka.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya wepesi wa aina mbili, tofauti ambayo wauzaji hawaielezi. Piramidi ya alumini pia hushikwa na tufe la sakafuni, lakini urefu wake umejengwa upande wa pikapu. Kingipini hubaki inapokea nguvu karibu na mahali pake pa asili, na wenzo mrefu hubebwa na fremu yenye miguu mipana inayokanyaga sakafu ya bodi. Wepesi huo umetokana na madini na umbo. Nguzo ya kingipini ni nyepesi kwa pikapu kwa sababu imeutupia mwili wa trela kazi ambayo haukuandaliwa. Hata uzito wake haukupotea: nguzo huning'inia kwenye pua ya trela, kwa hiyo karibu kilo zake zote hushuka kwenye bodi na kuingia kwenye hesabu ya lebo ya mlangoni. Zipo nguzo za kisasa zenye mifuko ya hewa au mpira wa kumeza mishtuko, na wapo watengenezaji wa chasisi wanaoziruhusu baadhi yake. Kama mtaitaka kwa vyovyote, mwandikieni mtengenezaji wa chasisi ya trela, si muuzaji wa nguzo, na mpate jibu lake kwa maandishi, kwa sababu baadhi yao hufuta dhamana mara wanapoona kingipini imerefushwa.

Kuhusu kona kali, naomba mjue kwamba wepesi wa kiunganishi hauongezi nafasi hata sentimita moja. Kinachoamua ni umbali kutoka kingipini hadi kebini ukilinganishwa na umbo la pua ya trela. Nusu ya upana wa trela lenu ni mita 1.22, na ninyi mna mita 1.15. Maana yake ni kwamba trela likikaa pembe mraba na pikapu, ubavu wake ungeingia ndani ya kebini kwa sentimita 7. Na pembe ya pua inaweza kufika mbali zaidi hata kabla ya hapo. Tuseme uso wa mbele wa trela uko nusu mita mbele ya kingipini na pembe zake ni za mraba. Umbali kutoka kingipini hadi ncha ya pembe ni mita 1.32, nao unaweza kuelekea moja kwa moja kwenye kioo mkiwa bado katikati ya kugeuka. Matrela mengi ya siku hizi yamekatwa au kuviringwa pembe za mbele ili kupunguza hatari hiyo, na huenda ndiyo sababu kioo chenu bado ni kizima. Pimeni wenyewe, kutoka katikati ya kingipini hadi ncha ya pembe, kwa kamba.

Suluhisho la jadi la bodi fupi ni kiunganishi cha kuteleza, ambacho kichwa chake hurudi nyuma wakati wa kugeuka polepole na kurejea juu ya ekseli kabla ya kuingia barabarani. Kinafanya kazi vizuri, lakini ni kizito, na vile vinavyoteleza vyenyewe bila mkono wa mtu ni vizito zaidi, kwa hiyo kwa mgongo wako na kwa hesabu yenu ya kilo kitakuwa kimetatua jambo moja na kuharibu mawili. Baadhi ya piramidi zimeundwa ili kichwa kikae nyuma kidogo ya tundu la katikati, na hilo linaweza kuwapa sentimita mnazozihitaji. Hata hivyo kila sentimita kingipini inapokwenda nyuma ya ekseli huipunguzia ekseli ya mbele uzito, na usukani hupoteza uthabiti. Mkichagua mpangilio huo, rudini mizanini mhakikishe kwamba ekseli ya mbele haikupungua kuliko ilivyokuwa pikapu ikiwa peke yake. Na bado msigeuke hadi pembe mraba. Mmoja wenu ashuke na kutazama.

Pendekezo langu, basi, ni piramidi ya alumini, kwa sharti kwamba mizani imethibitisha nafasi ipo. Kabla ya kulipa, hakikisheni kwamba tundu la katikati la pikapu yenu limeruhusiwa na mtengenezaji wa gari kubeba trela la kilo 5,000 na mkandamizo mlioupima, kwa maana kiunganishi chenye kikomo cha kilo 10,886 kilichofungwa kwenye tundu lenye kikomo kidogo kina nguvu ya lile tundu tu. Mtazame pia kama kimejaribiwa kwa kiwango cha SAE J2638, cha chama cha wahandisi wa magari, ambacho kimewekwa mahsusi kwa viungo vya aina hii vya matrela yasiyozidi kilo 13,608. Mkikuta Baba bado hana amani na alumini, zipo fremu za feleji zinazoshikwa na tufe hilohilo la katikati, nazo ni nyepesi kuliko mliyo nayo, lakini si nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu aliyekatazwa na daktari, na kwa hiyo zitakuwa kazi yake yeye.

Yako mambo ya ufungaji ambayo sipendi yawapite. Miguu ya piramidi inapaswa kukanyaga chuma cha bodi, au rangi nyembamba ya kinga iliyopuliziwa juu yake, wala si lile bamba nene la plastiki linalotandikwa sakafuni, kwa sababu plastiki hubonyea na bolti ya katikati hulegea bila dalili. Bolti hiyo moja ndiyo inayoivuta fremu yote chini kwenye tufe la sakafuni, kwa hiyo ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kiasi kilichoandikwa na kiwanda, irudiwe baada ya kilomita 100 hivi za kwanza, kisha iwe sehemu ya ukaguzi wa kila asubuhi ya safari. Waya wa dharura unaofunga breki za trela likichomoka usiufunge kwenye kiunganishi. Ufunge kwenye mwili wa pikapu, kwa maana kiunganishi kikichomoka chote, waya uliofungwa kwake utaondoka nacho na breki hazitashika. Kwa kuwa mtakuwa mmetoka kwenye taya na kuingia kwenye tufe, ulizieni pia sheria ya minyororo ya usalama mahali mnapopita. Sehemu nyingi haziidai kwa taya za kingipini lakini huidai kwa tufe.

Trela litakapotua, angalieni kwamba kati ya kingo za bodi na tumbo la pua ya trela inabaki nafasi ya sentimita 15 hivi, pikapu na trela vikiwa vimepakiwa. Kisha fungeni pini ya usalama, ingizeni gia, acheni breki za trela zikiwa zimeshika na mvute taratibu, mhisi kama kila kitu kimekaa, kabla ya kukunja miguu ya trela. Mnayafanya haya na kiunganishi chenu cha sasa, na hayapungui kwa kuwa kiunganishi kimepungua.

Kuna upungufu mmoja wa piramidi ambao utawagusa siku ya dharura. Kipande kinachofungwa kwenye kingipini ili ikae juu ya tufe la kileleni mwa piramidi hubaki kwenye trela, na kipande hicho kikiwepo, pikapu nyingine yenye sahani na taya za kawaida haiwezi kulikokota trela lenu. Wekeni ndani ya trela spana inayokifungua, na mjue wote wawili jinsi ya kukiondoa.

Juu ya mgongo wako, Mama, kilo 16 si nyingi, lakini usizinyanyue ukiwa umesimama nje ya bodi na kuinama juu ya ukingo wake, kwani mkao huo ndio unaouumiza uti wa mgongo kuliko uzito wenyewe. Fungua mlango wa nyuma wa bodi, Baba apande afungue bolti, fremu iburutwe hadi ukingoni, ndipo uichukue ikiwa karibu na kifua. Mwonyeshe daktari wako namba hiyo ya kilo 16 na umwulize kama imo ndani ya kiasi alichokuruhusu. Asiporidhia, Baba ataibeba peke yake bila shida.

Kiunganishi cha zamani msikiuze bado. Subirini mpaka mwe na karatasi ya mizani mkononi, kwa sababu mkikuta kingipini inakandamiza kwa zaidi ya kilo 1,050, mtakuwa mmekaribia sana au mmepita kikomo hata kwa piramidi, na hapo uamuzi utakaowakabili ni wa kupunguza mizigo ya trela au kutafuta pikapu yenye uwezo mkubwa zaidi. Pikapu hiyo nyingine huenda isiwe na tundu la tufe katikati, na kile cha feleji kikawa ndicho kinachoifaa. Mkishapima, niandikieni namba zote tatu, ya ekseli ya mbele, ya ekseli ya nyuma na ya gari zima, nami nitazipitia pamoja nanyi.